Kibao cha "Mbwa Kali" na Mguu wa Mama Mdogo

Anayepita asubuhi katika mitaa ya Mombasa kama Nyali, Kizingo au Tudor hawezi kukosa kukiona kile kibao cha bati kilichopigiliwa kwenye geti, chenye kichwa cha mbwa aliyetoa meno na maneno "HATARI! MBWA KALI". Sisi tuliofunzwa sarufi tunajua kwamba mbwa ni kiumbe mwenye uhai, na kwa hivyo ni mkali wala si kali, lakini kosa hilo limeota mizizi kiasi kwamba fundi akiandika "Mbwa Mkali" huenda mwenye nyumba akamrudishia kibao akirekebishe. Kwa miaka mingi sikuwa na ugomvi na vibao hivyo zaidi ya huo wa upatanisho wa kisarufi. Ugomvi wa pili ulianza siku mama mdogo alipoumwa nyuma ya kimoja chavyo.

Mama mdogo hupika mahamri na mbaazi na kuwapelekea wateja majumbani kabla ya saa moja ya asubuhi. Nyumba hiyo ya Nyali alikuwa ameizoea, kwa kuwa aliipelekea mahamri kwa muda unaokaribia mwaka mzima, na siku zote alipokewa mlangoni. Siku hiyo bawabu alimfungulia geti na kumwambia, "Ingia tu, mama, amefungwa." Mbwa hakuwa amefungwa. Alikuwa ameachiwa usiku alinde boma, na kijana ambaye kazi yake ni kumrudisha bandani alikuwa amechelewa kazini. Mama mdogo aling'atwa kwenye shavu la mguu, na alipojikinga kwa ndoo yake aling'atwa tena kwenye mkono, karibu na kiwiko. Mwenye nyumba alitoka na kikoi chake, akamwita mbwa kwa jina, akamfunga, kisha akasema maneno ambayo nimeyatafakari mara nyingi tangu siku hiyo: "Pole sana, mama, lakini huyu hajawahi kumuuma mtu."

Nitarudi kwenye maneno hayo na kwenye kile kibao, kwa sababu kesi nzima, kama ingekuwa kesi, ingesimama baina ya hivyo viwili. Kwanza ni jeraha, kwani hapo ndipo tulipokaribia kukosea.

Mama mdogo alipofika nyumbani kwa tuktuk, jambo lililomshughulisha zaidi lilikuwa tohara, yaani usafi wa kidini, na maumivu yalikuja baadaye. Sisi tuliolelewa katika madhehebu ya Shafi tunajua kwamba kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo, naye alikuwa ameshamtuma mtoto akachote mchanga uani. Bahati nzuri mume wake alimpigia simu ustadhi wa msikiti wetu, na ustadhi akamjibu bila kusita kwamba dini haimtaki mtu ajidhuru, kwamba udongo usiguse kidonda kilicho wazi, na kwamba suala la tohara litazungumzwa mguu ukishapona. Nayasimulia haya kwa kuwa najua kwamba katika nyumba nyingi za Pwani mtu anaweza kutia mchanga kwenye kidonda kwa nia njema kabisa. Wapo pia wanaopaka majivu, pilipili au mafuta ya taa. Vyote hivyo havifai.

Kinachofaa ni maji yanayotiririka na sabuni, kwa muda wa dakika 15 kamili huku ukitazama saa. Kirusi cha kichaa cha mbwa kimefunikwa na utando wa mafuta ambao sabuni huuvunja, na kwa sababu hiyo kipande cha sabuni ya kufulia kina kazi kubwa zaidi katika saa ile ya kwanza kuliko dawa yoyote ya kupaka. Baada ya hapo ni hospitali, hata kama kidonda ni kidogo. Meno ya mbwa huingia ndani na kuacha tundu jembamba juu, ambapo vijidudu hubaki chini ya ngozi inayoonekana kana kwamba imejifunga, na majeraha ya mkononi ndiyo yaliyo mepesi zaidi kuoza. Daktari alimpa mama mdogo sindano ya pepopunda na dawa za kuzuia maambukizi, na hakukishona kidonda cha mguu siku hiyo, jambo ambalo mwanzoni tulilidhania kuwa ni uzembe. Baadaye alitueleza kwamba kidonda cha kuumwa na mnyama kikishonwa haraka huweza kufungia uchafu ndani.

Hospitali ya kwanza tuliyokwenda haikuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa. Ya pili ilikuwa nayo, lakini ilibidi tulipe kila dozi, na dozi zilikuwa tano kwa mujibu wa ratiba waliyotupa: siku ya kwanza inayohesabiwa kuwa sifuri, ya tatu, ya 7, ya 14 na ya 28. Zipo ratiba fupi zaidi zinazokubaliwa na Shirika la Afya Duniani, ila mgonjwa hufuata ile ya hospitali iliyomhudumia. Kwa kuwa ngozi ilikuwa imetoboka na damu kutoka, alihitaji pia kingamwili inayodungwa ndani na pembeni mwa kidonda chenyewe, ili imlinde katika siku zile ambazo mwili haujatengeneza kinga yake kutokana na chanjo. Dawa hiyo ndiyo iliyotusumbua kuipata, na bei yake ilimeza mauzo ya mahamri ya wiki nyingi.

Huenda mtu akauliza kwa nini tulihangaika hivyo ilhali mbwa mwenyewe alikuwa wa nyumba ya kitajiri, mwenye mkanda shingoni na manyoya yanayong'aa. Jibu ni kwamba kichaa cha mbwa hakina nusu. Dalili zikishaanza, mgonjwa kuogopa maji na kushindwa kumeza, hakuna tiba inayotegemewa, na karibu kila anayefikia hapo hufariki. Duniani kote hukadiriwa kwamba watu 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, na katika visa 99 kati ya 100 vya binadamu aliyewaambukiza ni mbwa. Nchini Kenya makadirio yanayotajwa ni vifo vipatavyo 2,000 kwa mwaka. Mara nyingi ugonjwa hujificha mwilini kwa miezi miwili au mitatu kabla ya kujitokeza, na muda huo ndio unaowafanya watu wadhani wamesalimika. Tangu kijana Joseph Meister alipodungwa chanjo ya Louis Pasteur mwezi Julai 1885, kifo hiki kimekuwa kifo kinachozuilika, mradi sindano ziwahi.

Tulimwomba mwenye mbwa atuonyeshe kadi ya chanjo. Alisema kwa kujiamini kwamba mbwa amechanjwa, kisha akatuma picha ya kadi kwa simu, na tulipoisoma tukaona kwamba chanjo ya mwisho ilikuwa imepitwa na wakati kwa zaidi ya miaka miwili. Sidhani alitaka kutudanganya. Nadhani hakuwa ameitazama kadi hiyo tangu siku aliyopewa. Tulimsihi jambo moja tu, kwamba asimuue mbwa wala kumpeleka shamba, bali amfunge na kumtazama kwa siku 10. Mbwa aliyekuwa na kirusi kwenye mate siku aliyouma huugua au kufa ndani ya muda huo. Akibaki mzima, basi hakuambukiza. Mwenye kumpiga mbwa risasi kwa hasira huwa ameua na ushahidi pia. Mbwa yule alibaki mzima, lakini kwa siku hizo 10 hakuna aliyelala vizuri nyumbani kwetu.

Sasa nije kwenye sheria, ambayo nimeisoma kwa msaada wa shemeji yangu aliye wakili, na makosa yakiwapo ni yangu. Sikuikuta Sura yoyote (ndivyo kila sheria inavyopewa nambari) katika sheria za Kenya inayosema kwa ufupi kwamba mwenye mbwa atamlipa aliyeumwa na mbwa wake. Kilichopo ni vipande kutoka pande mbalimbali, na kipande cha zamani zaidi tulikirithi kutoka Uingereza. Sura ya 8 ya sheria zetu huzielekeza mahakama kufuata, pale ambapo sheria zetu ziko kimya, kanuni zilizojengwa na majaji wa Uingereza kupitia hukumu zao, kwa kadiri zinavyofaa hali ya wananchi wa Kenya. Kanuni hizo ziligawa wanyama mafungu mawili. Anayefuga mnyama wa mwituni humlipia madhara yake hata kama alikuwa mwangalifu, na mfano maarufu ni kesi ya mwaka 1846 ya May dhidi ya Burdett, ambamo mwanamke aliumwa na kima wa mtu. (Wakazi wa Nyali wanaorushiana mikate na tumbili wa mitini wasitishike, tumbili hao hawana mwenyewe.) Mbwa huhesabiwa kuwa mnyama wa kufugwa, na mwenyewe hubeba dhima hiyo nzito pale tu inapothibitishwa kwamba alijua kuwa mbwa wake ana tabia ya kushambulia.

Hapo ndipo maneno ya yule bwana yanapopata uzito. "Hajawahi kumuuma mtu" yalikuwa maneno ya kupoza, na bila ya yeye kujua yalikuwa pia ndiyo utetezi wenyewe. Watu wengi, pamoja na mawakili wengine, huufupisha utetezi huo kwa kusema kwamba kila mbwa ana ruhusa ya kuuma mara moja bure. Ufupisho huo si sahihi. Si lazima mbwa awe amekwisha kumtoa mtu damu. Yatosha kwamba alikuwa na mazoea ya kuwarukia watu na mwenyewe akajua. Tena, tangu karne ya 19 majaji wa Uingereza walikubali kwamba anachokijua mtumishi aliyekabidhiwa mbwa huhesabiwa kuwa kimejulikana kwa bwana wake. Bawabu, ambaye ni mtu muungwana na ambaye majuto yalimtesa kuliko mwajiri wake, alituambia kwa hiari yake kwamba Ramadhani iliyopita mbwa yuleyule alimfukuza kijana wa taka na kumrarua suruali, na kwamba habari hiyo ilifikishwa ndani ya nyumba jioni ileile.

Kisha kuna kibao. Mwenye nyumba hukitundika akiamini kwamba kimemwondolea lawama: nimeonya, aliyeingia ameingia kwa hiari yake. Lakini wakili wa aliyeumwa anaweza kukisoma kibao hichohicho upande wa pili na kuuliza: bwana, kama hukujua kuwa mbwa wako ni mkali, ni nani aliyekuandikia? Sisemi kwamba hakimu atakichukulia kibao kuwa kukiri kamili, kwa sababu wapo wanaokitundika wakiwa na kijibwa cha kubebwa kwapani, na wapo wasio na mbwa kabisa ila wanataka kuwatisha wezi. Nasema tu kwamba ni kitu cha ajabu kumtetea mtu aliyetundika neno "hatari" getini mwake kwa hoja kwamba hakujua kuna hatari.

Hata kanuni hiyo ya kujua ikishindikana, njia haijafungwa, na kwa maoni yangu njia ya pili ndiyo iliyo pana zaidi, nayo ni uzembe. Mwaka 1932, katika kesi ya Fardon dhidi ya Harcourt-Rivington, mbwa aliyefungiwa ndani ya gari alirukaruka hadi akavunja kioo, na kipande kikamwingia mpita njia jichoni. Aliyedai alishindwa, kwa kuwa ajali ya namna hiyo haikuweza kutarajiwa, lakini Jaji Atkin alieleza humo kwamba mbali na kanuni ya kujua tabia ya mnyama, kila mwenye mnyama ana wajibu wa kawaida wa kuchukua tahadhari asiwadhuru wengine. Katika kisa chetu, mbwa wa ulinzi aliachwa huru saa ambayo muuza mahamri anajulikana kuwa hufika kila siku, na mfanyakazi wa nyumba akamfungulia geti huku akimhakikishia usalama. Kosa la mfanyakazi akiwa kazini humfuata mwajiri wake. Sihitaji kuijua historia ya mbwa ili kuona uzembe hapo.

Njia ya tatu ni Sura ya 34, inayohusu dhima ya mkaaji wa nyumba au kiwanja kwa wageni walioingia kwa ruhusa. Anayeleta mahamri, anayesoma mita, mtoto aliyetumwa kuomba chumvi, wote hao ni wageni ambao mkaaji anatakiwa awachukulie tahadhari ya kuridhisha, na sheria hiyo inamtaka atarajie kwamba watoto hawatakuwa waangalifu kama watu wazima. Kuhusu onyo, msimamo wake ni kwamba onyo pekee halimwondolei mkaaji dhima isipokuwa lilitosha, kwa mazingira yote, kumwezesha mgeni kuwa salama. Kibao kilichoko nje ya geti hakimwambii mgeni kwamba leo mbwa hajafungwa. Na kinapopingwa na kauli ya bawabu, "Ingia tu, amefungwa", sioni kinachobaki cha onyo hilo. Mwizi aliyeruka ukuta saa nane za usiku hana nafasi katika maelezo haya, na aliyemchokoza mbwa kwa fimbo anaweza kupunguziwa fidia kwa sehemu aliyochangia mwenyewe.

Upande wa jinai nitaupitia haraka. Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabia kosa mtu anayeacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokea kwa mnyama aliye naye, pale uzembe huo unapohatarisha maisha au kuelekea kumdhuru mwingine. Sura ya 365 imetungwa mahsusi kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti kazi ya kudhibiti wanyama, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Ninapowatazama mbwa koko wanaolala kwenye majaa ya taka na kuwafuata watoto wa shule alfajiri, huwa najiuliza kazi hiyo ya kaunti inaishia mlango gani, maana aliyeumwa na mbwa asiye na mwenyewe hana wa kumwandikia barua.

Sisi tulikuwa na wa kumwandikia, na faida yetu ilitokana na mambo tuliyofanya siku mbili za kwanza zaidi ya ufasaha wa wakili. Tulipiga picha majeraha kabla hayajafungwa bendeji. Tulipiga ripoti kituoni, tukapewa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ambayo daktari aliijaza. Tulimwomba bawabu atuandikie maelezo yake, akaandika na kutia sahihi. Tulihifadhi kila risiti, kwa kuwa mahakama zetu hudai gharama mahususi zitajwe na kuthibitishwa moja baada ya nyingine, na shilingi isiyo na karatasi huhesabiwa kuwa haikutumika. Dereva wa tuktuk hatoi risiti, kwa hiyo mpwa wangu alianzisha daftari la safari za hospitali, na kila dereva akaombwa aandike kiasi na sahihi yake. Mmoja alicheka sana, lakini aliandika.

Muda wa kufungua kesi ya namna hii ni miaka mitatu tangu siku ya tukio, kwa mujibu wa Sura ya 22, na madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwamo ya fidia ya majeraha ya mwili, yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako mtu anaruhusiwa kujisemea mwenyewe bila ya wakili. Hatukufika huko. Mara tu baada ya tukio mwenye nyumba alikuwa ametuma shilingi elfu tatu kwa simu, na majirani, baadhi yao wakiwa wazee ninaowaheshimu, walimshauri mama mdogo azipokee na mambo yaishe, kwa kuwa si vyema kumshitaki mteja. Yeye mwenyewe alikuwa radhi. Mimi ndiye niliyekataa, na nilikataa kwa sababu ya hesabu zaidi ya hasira: elfu tatu hazikufikia hata nusu ya bei ya ile kingamwili, na mtu hawezi kusamehe deni ambalo bado hajalijua ukubwa wake. Tulingoja mpaka dozi ya tano ilipodungwa, tukajumlisha, kisha shemeji akaandika barua ya madai ikiwa na nakala ya kadi ya chanjo iliyopitwa na wakati, maelezo ya bawabu na picha ya geti, kibao kikionekana vizuri. Alimpa siku 14.

Yule bwana alipiga simu siku ya sita. Alikuja nyumbani kwa mama mdogo na mkewe, wakaketi mkekani, na kwa mara ya kwanza hakusema kwamba mbwa wake hajawahi kumuuma mtu. Walikubaliana juu ya gharama zote za matibabu, mauzo ya wiki tano ambazo hakuweza kusimama jikoni, na kiasi kingine kwa ajili ya maumivu na kovu, vyote kwa awamu mbili. Kiasi chenyewe sitakitaja, kwa kuwa mkataba waliotia sahihi unatutaka tukistiri. Mama mdogo alisisitiza kifungu kimoja kiandikwe ambacho shemeji alisema hakina maana kisheria, nacho ni kwamba bawabu asifukuzwe kazi kwa sababu ya maelezo aliyoyatoa.

Awamu ya pili ililipwa mwezi uliofuata. Bawabu yupo, na siku hizi ndiye anayetoka nje kuyachukua mahamri, ndoo ikiwa imebaki ndani ya tuktuk. Mbwa amejengewa banda lenye komeo, kadi yake ina muhuri mpya, na kibao kingali pale getini na sarufi yake ileile.